Tano Iliyosomwa Sifuri

Rifaat Shalabi ni mpiga picha za harusi mjini Tanta, Misri. Hana mwajiri. Wateja anajitafutia mwenyewe, na kila Machi anapeleka mwenyewe hesabu za kodi. Hapo ndipo penye kasheshe.

Mwaka jana risiti zote alizitupa kwenye dashibodi ya gari. Jua likazifuta. Machi ilipofika alikuwa na rundo la karatasi nyeupe. Hakuweza kuonyesha alichotumia kazini, akalipa kodi hata ya pesa ambazo zilishaishia kwa wauza taa. Alilipa kwa pesa za ada ya mkewe, Inas, aliyetaka kurudi chuo cha uuguzi. Inas akakaa nyumbani mwaka mzima. Hakugomba, na hilo lilimuuma Rifaat kuliko ugomvi.

"Mwaka huu sitaki mchezo," alimwambia jirani yao, Mama Yusra, aliyeandika vitabu vya hesabu vya maduka ya vitambaa kwa miaka thelathini.

Mama Yusra alikuwa anachambua mboga. "Kaa chini, mwanangu. Nunua kitu, piga picha risiti palepale dukani. Picha iende kwenye folda moja. Kuna programu ya kuisoma: tarehe, duka, bei. Inaandika kwenye jedwali na kupanga kwa mwezi, yenyewe."

"Na karatasi?"

"Itie kwenye bahasha, mbali na jua. Na chakula ulichokula na rafiki zako usikitie humo. Hicho ni cha tumbo, si cha kazi."

Wakaiweka programu pamoja. Kwa miezi mitano Rifaat alipiga picha kila risiti, roho yake kwatu. Februari akamwita mkewe aone jedwali.

Inas akasoma. Kisha akauliza, "Taa umenunua kwa pauni kumi?"

"Wapi?"

"Hapa. Na miguu ya kamera kwa pauni sifuri. Huyo mwenye duka ni shemeji yako?"

Rifaat akaangalia jumla. Isingetosha kununua hata betri. Wakipeleka hesabu hiyo, kodi itakuwa kubwa kama ya mwaka jana, na ada itakwenda tena. Aliona aibu hata kumtazama mkewe.

"Chukua bahasha," Inas alisema. "Twende kwa Mama Yusra."

Mama Yusra aliitazama risiti ya taa, iliyoandikwa kwa mkono, akaanza kucheka. "Simu yako umeiweka lugha gani?"

"Kiingereza. Wateja wakiiona..."

"Wanakuona mtu wa maana," Inas akamalizia.

Mama Yusra akachukua kalamu. "Tano yetu Waarabu ni kiduara. Sifuri yetu ni nukta. Muuzaji kaandika elfu moja mia tano: kijiti, kiduara, nukta mbili. Programu imefuata lugha ya simu. Kiduara ikakisoma sifuri, nukta ikazidhani uchafu. Ikapata kumi."

"Kumbe programu yenyewe haifai."

"Inafaa sana. Wewe ndiye hukuikagua miezi mitano. Ibadilishe isome Kiarabu. Halafu kila Alhamisi, dakika kumi, linganisha karatasi na jedwali. Kupanga ni kazi yake. Kukagua ni kazi yako."

Wakabadilisha lugha, wakazipitisha picha upya. Inas alisoma karatasi, Rifaat akafuata kwenye jedwali. Taa ikawa elfu moja mia tano. Miguu ya kamera ikawa mia tano hamsini. Risiti tatu zilikuwa na mwandiko wa kuparura, programu ikashindwa nazo. Hizo wakazirekebisha kwa mkono. Zilizobaki zilikaa sawa zote.

Machi Rifaat alilipa kodi iliyompasa, bila kuzidisha wala kupunguza. Ada haikuguswa.

Siku ya kwanza ya masomo Inas alirudi alasiri, miguu inamuuma, amefurahi mno. Rifaat alikuwa amepika wali, umeungua chini. Walikula hivyohivyo. Inas alisimulia darasa zima, kisha akaushika mkono wa mumewe mezani, akaweka vidole viwili kwenye kifundo na kutazama saa.

"Usiongee," alisema. "Nahesabu mapigo."

Rifaat akanyamaza, kijiko hewani, mpaka dakika ikaisha.