Vidole Vyeusi vya Skola

Skola anaishi Mbinga, kwenye vilima vya kahawa. Ana miaka sita. Ana mkanda mweupe, na ana pengo mbele.

Kila Jumamosi Skola huenda kwenye ghala la zamani la kahawa. Magunia hayamo tena. Sasa humo watoto hujifunza karate.

Anayewafundisha ni mzee Kapinga. Wao humwita Sensei. Sensei maana yake mwalimu.

Kwanza watoto hufuta sakafu. Swii, swii, swii! Kisha hupiga magoti, huweka viganja chini, na huinama. Sensei husema:

"Anza kwa kuinama.
Maliza kwa kuinama."

Ndipo ngumi huruka. Pa! Pa! Pa!

Mkanda wa Sensei ni wa zamani sana. Ulikuwa mweusi. Sasa weupe umetokeza kila mahali, na nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mahindi.

Jumamosi moja, Sensei aliutundika mkanda wake msumarini. "Leo tuna mgeni kutoka Songea," alisema. "Nakwenda kumpokea stendi. Futeni sakafu, wanangu."

Sensei alipotoka tu, Fokas, mmoja wa watoto, akauangalia ule mkanda. "Hii kamba ya mbuzi, jamani! Meee!"

Watoto wakacheka. "Meee! Meee!"

"Koma, Fokas!" alisema Skola.

"Haya, ngoja mgeni aje. Atauliza, mbuzi yuko wapi?"

Skola hakucheka. Anampenda Sensei. Hakutaka mgeni amcheke.

Nyumbani ni hapo jirani. Skola akakimbia, tia tia tia! Akarudi na dawa ya viatu.

Sugua, sugua, sugua. Mkanda ukawa mweusi ti! Ukang'aa kama kiatu cha Krismasi.

Skola hakumuuliza mtu. Maskini Skola. Angeuliza tu.

Sensei akarudi na mgeni. Mgeni alikuwa mama mnene, mwenye sauti nzuri. Aliitwa Mama Nchimbi. Naye ni mwalimu wa karate.

"Mkanda uko wapi, Kapinga?" aliuliza Mama Nchimbi. "Uko wapi mkanda wa mwalimu wetu? Nimekuja kuushika tena."

Sensei akanyoosha mkono msumarini. Akaushusha mkanda mweusi ti.

Mama Nchimbi akaukodolea macho.

"Watoto," alisema Sensei polepole, "mkanda huu si wangu. Ni wa Mwalimu Ngonyani. Yeye ndiye wa kwanza kufundisha karate hapa kwetu. Hakuwa na ghala. Alitufundisha uani, katikati ya kahawa iliyoanikwa."

"Na tulipoikanyaga kahawa, tuliiokota yote!" alisema Mama Nchimbi.

"Aliufunga mkanda huu kila siku," alisema Sensei. "Ukachakaa kiunoni mwake. Weusi ukatoka, weupe ukaja. Weupe ule ulikuwa jasho lake. Alipokaribia kufa, akanipa mimi."

Moyo wa Skola ukapiga. Du, du, du. Akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeusi. Akavificha nyuma.

Sensei hakuuliza ni nani. Aliufunga mkanda kiunoni. Sare yake nyeupe ikaingia doa jeusi.

Walifanya mazoezi. Pa, pa, pa. Lakini ngumi za Skola hazikuruka. Alizikunja, hakuzifungua.

Kisha wote wakapiga magoti.

"Anza kwa kuinama.
Maliza kwa kuinama."

Watoto wakaweka viganja sakafuni. Skola hakuweka. Alivikalia viganja vyake.

"Skola," alinong'ona Fokas, "inama, wewe!"

Atainamaje? Akiweka mikono, wataona. Asipoweka, hajamaliza.

Ee Mungu, nisaidie, alisema Skola moyoni.

Akaitoa mikono. Akaiweka sakafuni, vidole vyote vyeusi. Akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Ni mimi, Sensei. Nilitaka mkanda uonekane mpya. Nisamehe."



"Na mimi," alisema Fokas kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyesema kamba ya mbuzi."

Wakaenda wote bombani. Fua, fua, fua. Maji yakawa meusi. Mkanda ukabaki mweusi.

"Weusi hautoki!" Skola akalia. "Sensei, weupe wa Mwalimu haurudi!"

Sensei akachuchumaa karibu naye. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nimekusamehe, binti yangu. Nami nina kosa. Niliutundika mbele yenu kila siku, sikuwaambia ni wa nani."

"Weupe utarudi?"

"Kwa sabuni, hapana."

"Kwa kitu gani, basi?"

"Kwa kufunga na kufungua. Kwa mazoezi. Polepole, mwanangu. Polepole sana."

Mama Nchimbi akaupapasa ule mkanda uliolowa. "Mwalimu angecheka leo," alisema. "Angesema, haya, tuanze upya."

Toka siku hiyo, Skola ndiye humletea Sensei mkanda. Huuleta kwa mikono miwili. Mikono safi.

Mvua zikaja, zikapita. Kahawa ikaiva, ikaanikwa. Pa! Pa! Pa!

Jumamosi moja Skola aliuleta mkanda, akasimama ghafla.

"Sensei! Ona!"

Pale kwenye fundo, palitokeza uzi mmoja. Mwembamba. Mweupe.

Sensei akautazama kwa muda mrefu. "Huu sasa," alisema, "ni jasho letu."

Usiku ule Mama alimfunika Skola blanketi. "Umesali?"

"Bado, Mama."

Skola akapiga magoti kitandani. Akaweka viganja vyake safi juu ya mto.

"Asante Mungu kwa uzi mmoja," alisema. "Na Mwalimu Ngonyani, huko aliko, mwambie samahani."

Anza kwa kuinama.
Maliza kwa kuinama.

Akainama, polepole, mpaka paji la uso likagusa mto.

Akalala hapo hapo.