Wavu wa Ng'ambo

Fuad alinaswa mchana kweupe, pale Makupa, mbele ya malori na wachuuzi. Kifungo cha shati lake jeupe kilikwama kwenye furushi la nyuzi alilobeba msichana mmoja mwenye buibui na mtandio wa zambarau.

"Taratibu, kaka! Nyuzi hizi ni za nyavu za goli, si za kuvulia wanaume."

"Mimi ni kocha wa mpira. Labda zimenijua."

Msichana yule, Mwanakuu, alicheka, akamnasua bila haraka yoyote. Walipoagana, Fuad alikuwa na nambari yake.

Miezi minne simu hazikupoa. "Habibi, ushakula?" "Nitakula nikikuona." Mwanakuu alisuka nyavu Liwatoni pamoja na babake, na vidole vyake vilikuwa na sugu. Fuad alivipenda vidole hivyo, lakini wakiwa wawili tu. Posa ilikuwa imebaki wiki tatu, na alikuwa amemuahidi kwamba timu yake itanunua nyavu kwake.

Basi siku ya kikao cha kununua nyavu, Saif, katibu wa timu, akauliza, "Hakuna fundi wa hapa hapa tunayemjua?" Fuad akawatazama marafiki zake wawili wa Kizingo, mtaa wa matajiri, viatu vyao vikimeta, akaona haya. "Tuagize ng'ambo," alisema. "Za hapa ni za wavuvi." Jioni ile ile akampigia Mwanakuu, akamdanganya kuwa timu imeahirisha kununua.

Wavu ukafika, mzuri, mweupe, na mdogo: Fuad alikuwa ameagiza wa goli la watoto. Saif, asiyejua lolote la mapenzi yao, akaupeleka Liwatoni uongezwe. Ukaangukia mikononi mwa Mwanakuu, karatasi ya kifurushi ingali imebandikwa, ina jina la Fuad na tarehe ya kuagiza.

Simu ya Fuad ikalia. "Fuad." Siku hiyo hakumwita habibi. "Wavu wako uko kwangu. Njoo."

Alimkuta amekaa mkekani, uzi mkononi, akiunganisha wavu ule kana kwamba ni wa mteja yeyote. Hakuinua macho. Fuad alitamani ardhi immeze.

"Mwanakuu, nilikosea vipimo..."

"Vipimo navirekebisha. Nakuuliza jengine. Waona haya kwa nyavu zangu, au waona haya kwa ajili yangu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kama ule wa kwanza. Akaumeza. Machozi yalimlenga.

"Kwa ajili yako," alisema. "Niliogopa watanicheka, kwamba mchumba wangu ni msuka nyavu. Nisamehe."

Mkono wa Mwanakuu ulisimama.

"Angalau leo hukunidanganya. Kaa. Shika ncha hiyo, babangu hayupo wa kunishikia."

Fuad akaketi chini na suruali yake ya pasi, akashika. Alikuwa bado ameshika ncha, Saif alipoingia kuuchukua wavu, na nyuma yake wale marafiki wawili wa Kizingo, funguo za gari zikiwalialia mikononi.

"Kocha! Wafanya nini huku?"

Masikio yalimwaka moto. Angeweza kusema amekuja kukagua kazi, na wangeamini.

"Namshikia mchumba wangu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Huyu ndiye fundi niliyewaficha."

Mmoja wa marafiki wale akaanza kucheka, akaona hakuna wa kumsaidia, akaacha.

Mwanakuu aliinamisha kichwa ili wasimuone macho.

"Usilegeze," alimwambia Fuad polepole. "Vuta kwako, habibi."