Nukta Kumi na Moja

Haya yalimpata dada yangu, nami nilikuwepo. Mwanawe alikuwa na wiki tatu. Jumatatu, baada ya kumwogesha, tuliona vipele vyeupe mashavuni, vidogo kama chenga za mchele. Kliniki, muuguzi alivitazama kwa nusu dakika tu.

"Ni vya kawaida. Mwosheni kwa maji matupu, msivikamue, msimpake kitu. Vitaisha vyenyewe baada ya wiki kadhaa. Akipata homa au akigoma kunyonya, mleteni haraka."

Mimi siridhiki na "vitaisha" bila ushahidi. Kwenye karatasi nilichora duara la sentimita nane, upana wa uso wake, nikaweka nukta ya penseli kila palipokuwa na kipele. Kumi na moja. Kila asubuhi nililinganisha, kisha nikairudisha karatasi kwenye droo yangu.

Mama mkwe wa dada alicheka. "Msomi wetu anampigia mjukuu wangu hesabu!" Kisha akaisogelea karatasi. Kicheko kikakatika.

"Ichane, mwanangu," alininong'oneza. "Mapema."

Kwa nini aogope penseli? Nikaanza kumchunguza. Jumatano nilimkuta ameinama juu ya mtoto, vidole vinang'aa mafuta. Chini ya mto wa mama huyo nilipata kichupa kisicho na lebo. Nikampelekea dada.

"Mama, muuguzi alikataza," dada alisema.

"Nilikuwa nazuia tu."

"Unazuia nini?"

Aliitazama droo yangu.

Mchana huohuo alifungasha. Mlangoni alimbusu mjukuu wake. Mimi hakuniaga.

Alhamisi asubuhi uso wa mtoto ulikuwa laini. Wote.

"Umeona?" dada alininong'oneza. "Alikuwa yeye."

Nilikubali. Nikaenda kuichana karatasi, maana haikuwa na kazi tena.

Nilipitisha kidole. Nukta zilikuwa zimevimba. Ngumu. Nyeupe katikati. Nilihesabu kumi na moja. Nikahesabu tena.

Nilishika ukingo, nikachana kidogo.

Chumba cha pili, mtoto alipiga yowe.

Niliachia. Akanyamaza.

Sasa ana miaka minne, mzima, mtundu, ana kovu jembamba karibu na sikio ambalo hakuna anayejua lilitoka wapi. Kila mara namsihi dada amwite bibi wa mtoto arudi. Ananiuliza tangu lini nampenda yule mama.

Droo naifunga kwa ufunguo. Mwezi uliopita nililaza rula juu ya duara.

Si nane tena. Sentimita kumi na moja.