Vilambamafuta

Vilikuwa ndani ya vali ya breki, vidogo kama chembe za ulezi, vinalamba. Kompresa ya lori inapojaza upepo kwenye matangi hupenyeza na mafuta kidogo. Mafuta hayo huungua, yakagandia vali, na breki zikaanza kukwama. Mhandisi Tunsume wa Mbeya ndiye aliyebuni vilambamafuta, roboti za kuyalamba kabla hayajaganda. Jamani, nchi nzima ilimshangilia! Malori yakawekewa, na madereva wakaacha ule utumwa wa kufungua koki ya tangi kila asubuhi kumwaga uchafu.

Leo, katika karakana yake, alikuwa amefungua vali za lori alilokuwa akiendesha kaka yake, Ambakisye, lilipopinduka kwenye mteremko wa Kitonga. Ziling'aa kama sahani za wageni. Wenye lori walikwisha kusema: breki safi, kosa ni la dereva, pengine alilewa.

"Niambie kweli, wifi," alisema Subilaga, mjane wa marehemu, kanga ya msiba ingali kichwani. "Mume wangu alilewa?"

Tunsume alikuwa ameifungua na kompresa. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha kabisa. Kwa miezi kompresa ilikuwa ikitema mafuta, na roboti zake zikiyalamba yote. Zamani dereva angeyaona anapomwaga tangi, akajua kompresa inakufa. Ambakisye hakuona kitu. Upepo ulimwishia kwenye kona, magurudumu yakajifunga kwa mpigo, kama breki za lori zifanyavyo upepo ukiisha, lori likaenda bondeni.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini kaka yake angezikwa na aibu isiyo yake, na yeye alimpenda kuliko sifa zote alizopata kwa vidude vile.

"Hakulewa, wifi. Roboti zangu zilimficha ugonjwa wa gari. Mimi ndiye niliyemuua." Akaangua kilio.

Subilaga naye alilia, wameshikana mikono juu ya meza ya vyuma. Walilia mpaka sauti zikawakauka. Kisha mjane akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Malori mengine yenye vidude hivyo yako wapi?"

"Barabarani."

"Na wake wa madereva wako majumbani, wanawapikia. Sasa wewe, wifi, umekaa hapa unalia na mimi kwa nini?"