Kibuyu Kilichorudi Kutoka Lamu

Jumatatu asubuhi, 1996. Silibwet.

Chumba cha nyuma ya bucha kilinuka damu na moshi. Kipkirui aliweka bastola juu ya ramani ya Lamu.

"Tunaenda kama watalii. Mnashangaa milango ya kuchongwa, mnasikiliza mashairi. Kwa nyumba ya yule tajiri wa zamani, ile ya maonyesho, Rodah anatoa kikuku ya dhahabu, anaitumbukiza kwa kibuyu ya mursik. Polisi gani ataingiza mkono huko?"

Rodah alikuwa amekisugua kibuyu kwa mkaa mwenyewe, akakijaza maziwa yagande yawe mursik. Kiarie, dereva, alinusa akaziba pua.

"Hii ni maziwa ama lami?"

"Kunywa ukue, mtu wa Nyeri!"

Kipkirui hakucheka. "Mchunge huyo, shemeji. Si wa kwetu."

Alhamisi adhuhuri. Lamu.

Mwongoza watalii aligeuka kusifu nakshi za mlango. Kabati la kioo likafunguka, kikuku kikazama. Joto la pwani lilikuwa limeivuruga mursik. Ilikatika, ikanuka kama mzoga. Rodah akakaza kifuniko.

Ijumaa jioni walifika Merigi, kwa Kipkirui. Kibuyu kililala huko. Mkubwa ndiye hulinda mzigo.

Jumamosi asubuhi. Silibwet.

Rodah alimimina kwenye karai. Maziwa. Maziwa matupu.

Bastola ya Kipkirui ilishaelekea usoni mwa Kiarie. "Tulipokunywa chai Voi, ulibaki nayo kwa gari. Iko wapi?"

"Haki ya Mungu, sijaguza!"

Rodah alichovya kidole, akaonja. Tamu. Maziwa ya jana, si yale yaliyokatika Lamu, mkaa umesagwa laini kama wanja. Kiarie hangejua hata pa kuanzia. Mtu mmoja tu alisaga hivyo: Drusilla, dada yake, mke wa Kipkirui.

Akinyamaza, Kiarie angekufa. Akisema, ingekuwa zamu yake.

"Shemeji, hii ni mkono ya dada yangu."

Kipkirui alitabasamu. "Mursik ni ya kunywa, Rodah. Si ya kuuliza maswali."

Risasi ilimpasua Rodah bega. Kabla ya pili, shoka la bucha lilimshukia Kipkirui kutoka mikononi mwa Kiarie. Mara moja tu. Alimpekua Kipkirui, akachomoa kikuku kwenye soksi. Akamtazama Rodah. Akatazama mlango. Akatoka.

Nje, injini ya Peugeot yao ikawaka. Rodah, ameanguka, shavu kwenye maziwa yaliyomwagika na damu, alilaani mdomo wake.

Kisha gari likarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Inuka, madam," Kiarie alifoka, akimshika kwapani. "Na usinichafulie kiti."