Fungu la Sitara

Mizani ya Bakili haikuwa na sababu ya kumchukia Sitara. Ilikuwa mizani ya barabarani tu, imewekwa juu ya kipande cha boksi karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, ikipima mafundi, wachuuzi na walevi bila ubaguzi. Lakini kila Sitara alipoipanda, mshale ulizidi kwenda mbele. Na huku gauni lake, ambalo fundi cherehani alikwisha kulipunguza mara mbili, lilikuwa likimteleza mabegani.

"Mama, wewe umekonda, kila mtu anaona," Bakili alisema, akainama kuutazama mshale upya. "Sasa hizi kilo zinatoka wapi?"

"Mizani yako mbovu."

Bakili akampandisha mpita njia mmoja, ikasoma sawasawa. Akapanda mwenyewe, ikasoma sawasawa. Sitara alipopanda tena, chuma kililia chini ya nyayo zake. Bakili akamrudishia hela yake bila kumtazama usoni.

Sitara alikuwa mama lishe. Banda lake lilikuwa nyuma ya gereji, mabenchi mawili na meza moja ndefu, na mafundi walimpenda kwa sababu hakuwa mchoyo wa mchuzi. Mama yake mzazi alikufa kwa sukari. Alikatwa mguu mmoja, kisha wa pili, na Sitara ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka msalani. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba na yeye sukari imepanda, apunguze wali, ugali na soda, hakuhitaji kubembelezwa. Aliogopa. Aliitaka miguu yake.

Kupunguza kula ni jambo jepesi kulisema ukiwa na daktari. Ukiwa na watu ni kazi nyingine. Nyumbani Kariakoo, mumewe Fikirini, huyo huyo aliyekuwa akimwita bonge mbele ya wageni, aliona wali kidogo kwenye sahani ya mkewe akauliza kakosewa nini. Wifi yake Hajira, aliyekuwa akiishi nao, akasema wengine wakipata vishilingi viwili wanajifanya wazungu. Na bandani ndiyo kabisa. Mama lishe asiyekula chakula chake mwenyewe, nani atakula kwake? Kila mchana Sitara alikuwa akijipakulia na kula pale pale kwenye benchi, mbele ya macho ya wateja, na hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana yake. Alipoanza kula mchicha mtupu, Zakayo, fundi wa giaboksi, aliacha kijiko hewani.

"Da Sitara, leo tena huli? Humu umetia nini?"

Benchi zima likacheka, lakini wawili walisukuma sahani zao pembeni. Sitara akaona biashara inamfia mikononi. Akajipakulia sahani ya kujaa, wali kwa maharage na pande la nyama, akaketi mwisho wa benchi. Harufu ilimtesa. Hakutaja hata bismillahi. Akaisogeza ile sahani mahali patupu pembeni yake, akasema kwa hasira iliyochanganyika na njaa, "Haya, karibu. Kula wewe fungu langu, mimi nimekuachia."

Mafundi wakacheka tena. Yeye akaenda kusuuza masufuria. Aliporudi sahani ilikuwa nyeupe, haina punje, na mfupa ulikuwa umevunjwa na uboho umenyonywa. Alidhani ni Zakayo. Zakayo alidhani ni Sitara mwenyewe, akaridhika, akaomba aongezewe mchuzi.

Hapo ndipo alipopaswa kuogopa, naye akafurahi. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na nyumbani pia. Alikula mchicha wake jikoni kwa siri, sahani yake akaifunika kawa mkekani, na kawa ilipofunuliwa sahani ilikuwa imesafishwa, naye hakujiuliza na nani. Fikirini akanyamaza. Hajira akanyamaza. Sukari ikashuka, daktari akampongeza. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mama yake, Sitara alilala bila kuipapasa miguu yake gizani.

Tatizo ni kwamba kukonda hakukukoma. Mashavu yakaingia ndani, pete ikamdondoka kwenye unga. Walewale waliomwita bonge wakaanza kunong'ona kwamba kaukwaa ukimwi. Hajira akamtengea kikombe chake peke yake. Fikirini akahamia chumba cha mbele, akamwambia akiwa amesimama mlangoni, "Nenda kapime, Sitara. Na usiniambie ni sukari." Akaenda, akapima, hakukutwa na kitu, akaleta majibu, na hakuna aliyeyaamini. Binadamu hawana jema. Alipokuwa mnene alikuwa kichekesho chao, na alipokonda wakamfanya mkosaji.

Akaamua kula. Magharibi hiyo alikuwa peke yake, wengine wametoka, akapakua wali wa nazi, akatia tonge la kwanza mdomoni, na kabla hajameza akasikia kutafuna karibu na sikio lake, taratibu, kwa raha, na harufu ya kiporo kilichochacha ikamjia pamoja na pumzi ya moto shingoni, na kila alichokimeza hakikufika tumboni, alikihisi kikichukuliwa njiani, akatia tonge la pili na la tatu huku machozi yakimtoka na njaa iko palepale, na kule jikoni ambako hapakuwa na mtu ukoko ukaanza kukwanguliwa, kwaru, kwaru, kwa kucha na si kwa mwiko, na uzito ukamkalia mabegani hadi uti wa mgongo ukampinda, ndipo akaelewa kwa nini mshale wa Bakili ulikuwa ukienda mbele. Siku zote hizo walikuwa wakipimwa wawili.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kukwangua kukakoma. Kisha sauti iliyoshiba ikamjibu sikioni, "Si ulinikaribisha?"

Bi Najma aliuza mitumba Mchikichini tangu asubuhi, na jioni aliwasomea dua watu chumbani mwake, katikati ya marobota. Sitara alikwenda peke yake, kwa kuwa hakubaki na mtu wa kumsindikiza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni," Bi Najma alisema, akitazama nyuma ya bega la mgeni wake. "Kaeni."

Akafukiza ubani, akafungua kitabu, akasoma. Alisoma mpaka kanga ikamlowa jasho, ndipo jini likasema kwa kinywa cha Sitara, bila haraka. "Mimi sikumvamia. Fungu lake alilitoa mwenyewe. Aliwaambia watu wote kwamba anaumwa, hakuna aliyemsikia. Mimi nilimsikia."

Bi Najma akafunga kitabu. Akasema kwa kunong'ona, "Mwanangu, mgeni uliyemkaribisha mwenyewe mimi siwezi kumtoa kwa fimbo. Rudi pale pale ulipompa, mbele ya waliokusikia. Pakua sahani ile ile. Taja jina la Mungu, ule, umalize, usibakize punje. Na usimkaribishe mtu."

Mchana wa siku iliyofuata Sitara aliketi mwisho wa benchi na sahani ya kujaa. Zakayo alifika akasimama mbele yake, akingoja aambiwe karibu kama ilivyo desturi ya watu waliolelewa. Sitara hakusema. Alitaja jina la Mungu, akala, na Zakayo akaguna akaenda kukaa mbali, na lile jini likaanza kumkandamiza, likimpumulia uchachu wake usoni, likimwambia kwa upole kwamba inatosha, aache kidogo tu, tonge moja tu, mchuzi wa mwisho tu, naye akameza na kumeza hadi tumbo likamuuma, akanyonya uboho, akaokota punje iliyoangukia mezani, akalamba sahani mbele ya wanaume wazima bila aibu. Benchi likainuka upande wa pili, kama linavyoinuka mtu mzito anapoondoka. Hewa ikawa nyepesi.

Jioni mizani ya Bakili ilisoma ukweli. Bakili alicheka kwa furaha, akakataa hela.

Laiti mambo yangeishia hapo. Fikirini akarudi chumbani na kuku wawili mkononi. Hajira, aliyetenga kikombe, sasa ndiye aliyempakulia. "Kula, wifi. Jaza mwili, watu wafunge midomo." Sitara aliwaeleza habari ya sukari, akawakumbusha mama yake, akawaonyesha karatasi ya daktari. "Sukari kila mtu anayo," alisema Fikirini, akamwongezea paja. Alipokataa, walinuna. Alipokula, walicheka naye. Alikuwa amechoka kununiwa, kwa hiyo alikula, na fundi cherehani akaifumua ile mishono yote.

Kisha kandambili ikamchubua kidole gumba cha mguu. Kidonda hakikupona. Usiku mmoja alipokifungua akasikia harufu aliyoijua, harufu ya kitanda cha mama yake, akakaa sakafuni akalia mpaka koo likakauka. Safari hii daktari hakumpongeza. Alimwambia akiendelea hivi mguu utaondoka.

Mchana akajipakulia mchicha na kipande kidogo cha samaki. Zakayo akamwona.

"Umeanza tena, Da Sitara? Watu watasema."

Sitara akautazama mguu wake uliofungwa bendeji. Akawatazama mafundi, vijiko vikiwa vimesimama hewani, kila mmoja akisubiri kuona atakula nini. Akaimimina ile mboga kwenye bakuli la pembeni. Akachukua sahani kubwa, akaijaza wali, maharage na pande la nyama, akaketi mwisho wa benchi. Hasira hakuwa nayo tena. Akajisogeza kidogo kuacha nafasi, akaisukuma sahani pembeni yake.

"Karibu," alisema kwa sauti ya chini.

Benchi likainama upande wa pili. Zakayo akaiona sahani iliyojaa, akaridhika, akaendelea kula.