Kadi ya Kitabu cha Tano

Kila kengele ya mwisho ilipolia, Jaji alikwenda moja kwa moja maktaba ya shule. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa darasa la sita, maana kila kitabu alikitolea hukumu, na hukumu zake zilisikilizwa. Mkutubi alikuwa na utaratibu wake: ukisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, unajaza kadi ya maoni, naye anaibandika ndani ya jalada. Kitabu chenye kadi mbaya kiliondolewa ili kupisha vipya.

Muhula huo Jaji alikuwa akisoma mfululizo wa vitabu saba, *Fundi Bomba Angani*. Fundi anachukuliwa na chombo cha anga ambacho choo chake kinavuja, na nahodha mwenye macho sita hajui hata kushika spana. Kitabu cha kwanza kilimvunja mbavu. Cha pili kilikuwa kizuri zaidi. Cha tatu kilianza kuchechemea, na cha nne, jamani, kilikuwa balaa tupu: kurasa mia mbili za mawakili wakihutubia, na hakuna bomba hata moja linalopasuka! Jaji alikimaliza kwa kujikaza tu, akakiandikia kadi mbaya.

Alipoona unene wa cha tano, alichoka kabla hajakifungua. Alitazama picha ya jalada, akaandika kwenye kadi: "Kibaya kama cha nne. Msipoteze muda." Mkutubi alimwamini, akakitia kwenye boksi la vitabu vya kuondolewa.

Ijumaa mchana mama yake Jaji, ambaye ni fundi cherehani, alikuja kutundika mapazia aliyoishonea maktaba. Akiwa anangoja ngazi, aliokota kitabu kimoja kutoka kwenye boksi. Jaji alipoingia alimkuta mama yake anacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya pazia.

"Mwanangu, huu si mwandiko wako?" mama aliuliza, akimwonyesha kadi. "Hata pale mke wa fundi anapokataa kumrudisha roboti anayefanana na mumewe, hukucheka?"

Jaji alihisi uso unamchoma. "Nilicheka kidogo tu, mama. Kwa jumla kinachosha."

"Haya, kila mtu na anachokipenda," mama alisema, akakirudisha kitabu kwenye boksi.

Basi, mambo yakawa yamekwisha. Hakuna aliyemshuku. Lakini dereva wa gari la mizigo aliingia, akainama kulibeba boksi, na Jaji akaona aibu kuliko siku nyingine yoyote. Kitabu kizuri kilikuwa kinafukuzwa kwa sababu ya uvivu wake.

"Ngoja, mjomba!" alimwambia dereva. Kisha akamgeukia mkutubi. "Mwalimu, nisamehe. Hicho cha tano sikukisoma. Hata ukurasa mmoja. Na mama, nimekudanganya sasa hivi."

Mkutubi alikitoa kitabu na kuibandua kadi polepole. "Wenzako wanakuamini. Jumatatu utawaambia mwenyewe."

Jumatatu aliwaambia. Walimzomea kidogo, wakamwita Jaji wa Majalada siku mbili nzima, naye akavumilia. Wiki hiyo alikisoma kitabu cha tano mpaka mwisho, akicheka peke yake kama aliyetekenywa, kisha akapeleka kadi mpya.

"Na ile ya cha nne?" mkutubi aliuliza. "Tuifute nayo?"

"Hapana, Mwalimu," Jaji alijibu bila kusita. "Hicho nilikisoma chote. Ni kibaya kweli!"

Mkutubi aliangua kicheko. "Hapo sasa una haki ya kusema. Kusifu ni ruhusa, na kuponda ni ruhusa, mradi kazi ya kusoma umeifanya mwenyewe. Anayehukumu asichokijua anawadanganya wanaomwamini." Akaipiga muhuri kadi mpya. "Haya, kachukue cha sita."

"Kizuri?"

"Utaniambia wewe."